Mreno wa Bibi Orpha

Kwetu, kabla ya sala ya chakula, tulifundishwa nahodha.
Alikuwa Mreno. Meli yake ilipasuka
pwani ya Karolina, akatoka majini
na upanga, na kofia yenye unyoya,
akatembea magharibi hadi miguu ikagoma
hapa Tennessee, kwenye ukingo huu wa mlima
ambapo hata mbuzi hufikiri mara mbili.
Ndiyo maana, alisema bibi Orpha,
sisi akina Tarvin hatuungui na jua. Tunaiva.

Binamu Lurleen yeye ana binti mfalme wa Wacherokee.
Mjomba Hobart, akishalewa, hutuletea Waturuki.
Ngozi moja, na kila mtu na shahidi wake,
mradi shahidi atoke mbali
na awe na taji, au jahazi, au farasi mweupe.

Mwezi wa Machi nikatema mate kwenye kichupa
nikayatia posta
kama mtu anayelipa deni asilojua kiasi chake.

Wakati nikisubiri, nikashuka mahakamani.
Karani akanipa glavu za pamba
na vitabu vya kodi vinavyonuka panya.
*Tarvin, Zadok. Farasi mmoja.
Ekari arobaini, nyingi mawe.*
Kando ya jina, maneno ya wino
yaliyokwanguliwa kwa kisu, karatasi ikabaki
nyembamba pale, kama ngozi juu ya kovu.
Nikaiinua dirishani.
Mwanga ukapita, ukanisomea:
*mtu huru, wa rangi.*

Kurasa tisa mbele, Zadok yuko kizimbani.
Kosa lake: amepiga kura.
*Babu yangu alikuwa Mreno*, anasema,
na wanaume kumi na wawili wakamvua viatu,
wakamkagua nyayo
kama watu wanaonunua nyumbu.
Wakaafikiana. Akavaa viatu vyake,
akarudi nyumbani, na mawe yake yote yakabaki yake.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema.
Hii ya kwetu ilipanda mlima,
ikazaa watoto, ikawazika,
ikafika hadi mezani kwangu na uji wangu wa mahindi.

Barua ikaja.
Uskoti, Ailandi, Uingereza, tele kama mvua.
Ureno: sifuri.
Uturuki: sifuri.
Wacherokee: sifuri; nikamwonea Lurleen huruma.
Na chini kabisa, kama mgeni mlangoni
ambaye hakuna aliyemvutia kiti,
Afrika, upande wa Kongo na Angola.
Asilimia tano.

Ndipo nikamwona tena bibi mwezi wa Julai
katikati ya tumbaku, boneti usoni, mikono mirefu,
glavu hadi viwikoni, jasho likimtiririka.
Nilidhani ni heshima.
Kumbe alikuwa akilizuia jua lisitoe ushahidi.

Na ile meli?
Usiku huo sikulala kwa ajili ya meli.
Watu wa Angola walivukaje bahari, na kwa meli za nani?
Huenda hadithi haikudanganya juu ya Wareno.
Huenda ilidanganya mahali pamoja tu:
ilimchukua mtu wetu kule ngamani, gizani,
ikampandisha ngazi moja baada ya nyingine
hadi kwenye usukani,
ikamvika kofia.

Nilimsomea bibi barazani, akimenya maharagwe.
Ana miaka tisini na tatu; vidole havikusimama.
“Huyo mtu ana jina?”
“Hana, bibi. Wameandika asilimia.”
Akamenya mengine matatu, manne.
“Nahodha naye hakuwa na jina,” akasema.
“Miaka yote hiyo, hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza.”

Akakunja mkono wa gauni,
akaulaza mkono wake mtupu kwenye ubao wa baraza,
palipokuwa na jua.
Tukautazama sote wawili.

“Usimwambie Hobart,” akasema,
“mpaka auze tumbaku.”